London Ni Siku Nne

Ami yangu, mdogo wake baba, alikufa miaka mingi iliyopita na sikwenda kumzika. Nilikuwa mzima wa afya, na kutoka kwangu hadi Msambweni ulikuwa mwendo wa asubuhi moja. Sikwenda kwa sababu sikutaka. Wakubwa walioniambia nimsamehe maiti niliwajibu kwamba maiti, kama alitaka radhi, angeiomba alipokuwa na ulimi. Mimi ni mtu wa kinyongo. Mama akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na mkunga alihangaika kunikunjua vidole. Sijui kama ni kweli, lakini ni maneno yaliyonipendeza tangu utotoni.

Kisa chetu ni cha miaka ya mwanzo ya uhuru. Kaka yangu, mtoto wa kwanza na wa kiume wa pekee, alikuwa London akisomea uhandisi. Mitaani kwetu hapakuwa na mwingine aliyefika huko, na hakuna aliyejua hasa huko ni wapi. Walijua ni Ulaya, kuna baridi, na watu huenda kwa ndege. Aliyejua zaidi, au aliyejifanya kujua, alikuwa ami. Alikuwa mchukuzi wa mizigo katika uwanja wa ndege wa Mombasa. Kaki zake zilipigwa pasi hadi mkunjo ukasimama, na kila alipokuja nyumbani mwisho wa juma alikaa barazani akiulizwa habari za ndege kama shehe anavyoulizwa habari za mwezi mwandamo.

"London ni siku nne," akisema. "Kwa ndege hiyo. Na hapo haijaharibika njiani."

Watu wakisema subhanallah. Wengine wakiuliza abiria hulala wapi siku zote hizo, naye akiwajibu kwamba ndege hushuka kila nchi ikapumzika. Labda aliyasikia hayo kwa Wazungu wa zamani, enzi ndege zilipokuwa zikilala njiani kweli. Labda aliyatunga. Siku nne zilimfaa, kwa kuwa kadiri London ilivyokuwa mbali ndivyo kazi yake ilivyokuwa kubwa.

Alikuwa na jema moja, sitamnyima. Alituletea makaratasi. Abiria walikuwa wakiacha vitabu vya ratiba na matangazo ya safari, karatasi nzito zinazong'aa, naye akiyaokota badala ya kuyatupa. Wenzangu shuleni walifunika madaftari yao kwa magazeti na mifuko ya unga. Yangu yalifunikwa kwa ndege za rangi ya fedha. Ami hakujua kusoma Kizungu. Kwake yeye karatasi nzuri ilikuwa ile yenye picha.

Baba aliugua ghafla, akalazwa, akaugua siku tatu tu. Siku ya kwanza ami alikwenda posta akapeleka telegramu London. Siku ya pili baba aliuliza mara nyingi kama mwanawe amefika, na ami aliyekuwa ameshika mkono wake akamwambia yuko njiani, London ni siku nne, avumilie. Siku ya tatu baba akafa, tukamzika kabla ya magharibi. Hakuna aliyemlaumu kaka. Tatu na nne hazihitaji shule kuzihesabu. Baada ya wiki mbili ilikuja barua yake ya rambirambi, imeandikwa vizuri sana, na mama aliniambia nimsomee mara tatu, akilia.

Mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya chumba chake, na nguo nyeupe, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake. Na ami akawa ndiye mwanamume wa nyumba yetu. Hapo ndipo alipoanza kuniangalia kwa jicho la mtu anayepima nguo dukani.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Chuo cha ualimu kilikuwa kimeniandikia kwamba nimepata nafasi, niripoti mwanzoni mwa muhula. Baba alikuwa ameisoma barua hiyo kwa sauti, akaikunja, akaiweka ndani ya msahafu wake. Kusoma kwangu lilikuwa jambo lililokwisha amuliwa. Lakini mwezi wa tatu wa eda, ami alitoka Vanga na habari. Kulikuwa na mwenye duka kule, mtu mzima kuliko baba, mwenye wake wawili. Alikuwa na dada yake mdogo, mzuri, na ami alikuwa amemtaka muda mrefu akinyimwa. Sasa wamepatana. Mimi nipelekwe Vanga niwe mke wa tatu, na yule dada aletwe kwa ami. Hilo la pili hakulisema. Nililisikia kwa mkewe, aliyekuja kwetu macho yamemvimba.

Nikaenda kumwambia, "Ami, mimi ninakwenda chuo. Na wali wangu, wa kuniozesha, ni kaka."

"Kaka yako yuko wapi?" akaniuliza.

"London."

"Basi mwite," akasema, akacheka. "Mwite aje. Nikahi ni Ijumaa hii."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake. Alikuwa amekwenda kwa naibu wa kadhi akamweleza kwamba binti ni yatima, kaka yake yuko nchi za mbali, safari ya siku nne kwa ndege, hafikiki wala haelekei kurudi. Na sheria yetu, wali akiwa mbali asikopatikana, kadhi husimama mahali pake akaozesha. Naibu alikuwa mtu mcha Mungu, hakuwahi kupanda ndege, na aliyekuwa mbele yake alivaa kaki za uwanja wa ndege. Alimwamini.

Mama aliniita chumbani. Alinishika masikio yote mawili, kama alivyokuwa akinifanya nikiwa mdogo na ananitaka nisikie vizuri.

"Naibu atakuja mlangoni akuulize kama umeridhia," aliniambia. "Mwanamwari akinyamaza, kimya chake ndiyo ridhaa yake. Wewe usinyamaze. Sema sitaki. Neno hilo moja latosha, hakuna wa kukuoza kwa nguvu. Usiongeze la pili."

Nikamwambia nimesikia. Na kweli nilisikia. Lakini kifua changu kilikuwa kinawaka. Sitaki! Nikisema sitaki, ami atakwenda zake akasema mtoto ana kiburi, shule imemharibu, na Ijumaa ijayo atakaa pale pale barazani na kaki zake akieleza habari za ndege. Haikunitosha. Nilitaka avuliwe nguo mbele za watu.

Jumanne nilikwenda kwa mwalimu wangu wa jiografia, mtu wa bara, aliyekuwa akikaa karibu na shule. Nilikwenda na madaftari yangu kwapani kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuyatazama kwa makini yale majalada, nikaona safu za saa na majina ya miji, ila sikuwa na hakika ya kuyasoma. Alilifungua moja juu ya meza.

"Hii ni ratiba kabisa," akasema. "Umefunika daftari na ratiba ya London? Tena ni ya mwaka huu!"

Alichukua tufe la dunia na uzi wa kushonea. Ncha moja akaiweka London, nyingine akaivuta hadi Nairobi, akaupima uzi kwenye rula. Maili elfu nne na ushei. Kisha akanionyesha safu. Ndege inaondoka Hithro, uwanja wa London, saa kumi na moja jioni, inatua njiani kutia mafuta, inafika Embakasi ya Nairobi saa mbili u nusu asubuhi. Nikapiga hesabu nikapata saa kumi na tano na nusu. Akatikisa kichwa.

"Saa ya kule iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Toa tatu."

Saa kumi na mbili na nusu. Usiku mmoja. Kutoka Nairobi kuna ndege ndogo ya Mombasa, halafu kivuko cha Likoni, halafu barabara. Mtu akiondoka London leo jua likitua, kesho laasiri anaiswali Msambweni. Nilirudi nyumbani mbio, na katika maisha yangu sijapata kuibeba furaha nzito kama ile. Siku zote tatu zilizobaki nilikuwa mpole. Nilipakwa hina nikanyamaza. Ami alipita akaniona, akamwambia mkewe, "Umeona? Watoto wa kike ni kelele za siku moja."

Ijumaa baada ya laasiri baraza ilijaa. Mwenye duka wa Vanga alikaa kwenye mkeka akitoka jasho katika koti jeusi. Wanawake walikuwa ndani, sufuria za pilau zikiwa jikoni. Naibu wa kadhi alikuja na mashahidi wawili hadi kwenye pazia la mlango nilikokaa, ami nyuma yao. Chumba cha mama kilikuwa ubavuni mwangu, mlango umefungwa.

"Binti," naibu akasema, "ami yako ametuarifu kwamba kaka yako yuko safari ya mbali asikopatikana, na imekuja posa kutoka Vanga. Je, waridhia nikuoze?"

Wanawake walinyamaza kungoja ninyamaze. Mmoja alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kigelegele.

"Shikamoo, shehe," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Kaka yangu hajapotea. Yuko usiku mmoja kutoka hapa."

Naibu akauliza usiku mmoja vipi. Nikamwambia: kwa ndege, saa kumi na mbili na nusu, na barabara. Ami akacheka kwa sauti, ile ya kutaka wa nje wasikie.

"Mwaka wa kumi na mbili huu niko uwanjani, shehe! Mimi ndiye niwapokeaye. London ni siku nne. Mtoto huyu ameiona ndege wapi?"

Nikasukuma daftari chini ya pazia. "Soma hapo nilipopiga mstari, shehe. Hithro, Embakasi. Na tarehe ya mwaka iko juu."

Naibu alivaa miwani. Alisoma polepole, kwa sauti, kama mtu anayesoma hati ya shamba, na kila saa aliyoitamka ilipita mlangoni ikafika barazani. Kisha akauliza, "Karatasi hii yatoka wapi?"

"Ameileta yeye mwenyewe," nikasema. "Hutuletea kila mwisho wa juma tufunikie madaftari."

Kicheko kilianzia nje, kwa vijana, kikaingia ndani kwa wanawake. Hata shahidi mmoja alijiziba mdomo na kofia. Mimi nyuma ya pazia sikucheka. Nilikuwa nikikinywa kicheko kile kwa mafunda madogo madogo, kisimalizike haraka.

Naibu akamgeukia ami. "Uliniambia hafikiki. Mtu wa usiku mmoja hafikiki vipi? Na aniambiaye uwongo juu ya masafa, nitamwamini juu ya nini?" Akarudi kwenye pazia. "Na wewe mwenyewe, mwanangu?"

"Sitaki," nikasema, kwa kuwa ndilo lililokuwa limebaki.

Mwenye duka wa Vanga alivaa viatu vyake bila kuaga. Pilau ililiwa na majirani. Kutoka siku ile ami yangu hakuitwa tena kwa jina lake. Watu wazima walimwita Siku Nne kisogoni, watoto walimwita usoni wakakimbia. Mwenye kuchelewa msikitini aliambiwa ametoka London na Siku Nne. Kwa mwezi mmoja alijikaza kuja barazani, kisha akaacha, akahamia Mombasa na mkewe, na yule binti wa Vanga akaolewa na mwingine. Yote hayo nilikuwa nikihadithiwa, na kila nilipohadithiwa niliuliza tena ili nisikie mara ya pili.

Lakini jioni ile ile ya Ijumaa, watu walipotawanyika, niliingia kwa mama. Nilitarajia anikumbatie. Alikuwa ameketi kitandani, tasbihi mkononi, haihesabu.

"Umeongeza la pili," akasema.

"Nimemkomesha, mama."

"Huo usiku mmoja. Ni kweli, au ni maneno ya kumkomesha?"

"Ni kweli kabisa!" nikasema, na kwa upumbavu wangu nikafungua daftari nimwonyeshe. Nikaweka kidole kwenye Hithro, nikakiburuta hadi Embakasi. Mama alijua kusoma Qur'ani, herufi za Kizungu hakuzijua, lakini alikifuata kidole changu hadi mwisho wa mstari.

"Babako aliugua siku tatu," akasema. "Simu ya posta ilipelekwa siku ya kwanza."

Hapo ndipo nami nilipoiona ile hesabu, mimi niliyekuwa nimezipiga zote.

"Akipata simu leo, kesho hapa," mama akasema. "Na kama siku hiyo ndege haikuwapo, kesho kutwa. Na arubaini je? Arubaini ilikuwa siku ngapi?"

Nikamwambia nauli ya ndege ni kubwa, kaka ni mwanafunzi tu, na masomo nayo. Yote yalikuwa ya kweli. Alitikisa kichwa akakubali kila moja, kama mtu anayepokea vyombo alivyoazima jirani na kuona vimerudi pungufu. Tangu siku hiyo barua za kaka zilipokuja hakuniambia nizisome. Aliniambia niziweke kabatini, atazisikia siku nyingine. Nilikwenda chuoni, nikarudi likizo, nikazikuta zimeongezeka, zimefungwa vile vile.

Na mimi nilimchukia nani? Ami. Nilimchukia zaidi kuliko mwanzo. Nilisema ndani ya moyo kwamba kama si uwongo wake nisingalilazimika kuutafuta ukweli. Kisha, chuki ilipomtosha ami, ikabaki nyingine, nikaipeleka kwa kaka.

Kaka alirudi baada ya miaka miwili, amehitimu. Nilikwenda kumpokea Mombasa na gari la kukodi. Alishuka kwenye ile ndege ndogo ya Nairobi amevaa suti na tai, amenenepa mashavu, akanikumbatia akicheka. Mchukuzi aliyeleta masanduku yake alikuwa ami. Kaki zake zilikuwa zimepauka. Kaka alimpigia shikamoo, akamkumbatia, wala hakuwa na habari ya lolote lililotokea; barua zangu kwake zilikuwa za salamu tu. Ami hakunitazama. Alipakia masanduku, kisha akamshika kaka mkono dirishani.

"Mamako akikuuliza habari ya safari," akasema, "mwambie ilikuwa ndefu. Mwambie siku nne."

Kaka alicheka. "Siku nne, ami! Mnasafiri na ngamia?"

"Mwambie hivyo," ami akasema. Ndipo akanigeukia, mara ya kwanza tangu ile Ijumaa. "Na wewe, mweleze ndugu yako."

Nilielewa. Nilielewa yote, hata la kitandani kwa baba, ule mkono alioushika akimwambia marehemu avumilie. Inawezekana alikuwa na jibu la telegramu mfukoni siku ile, kwamba kaka haji. Inawezekana hakuwa nalo. Sikumwuliza. Nilimwambia dereva aondoe gari.

Tulivuka Likoni, tukaingia barabara ya kusini, vumbi na mashimo, muda mwingi wa kusema neno moja. Kaka aliniuliza ami alikuwa na maana gani. Nikamwambia, "Amezeeka." Alinieleza habari za London, za madaraja, za mwenye nyumba wake. Nilimsikiliza nikingoja. Nilitaka aseme kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mama, aone uso wake, ajue alichokifanya. Nilikuwa nimemwandalia hilo kwa miaka miwili.

Mama alimpokea mlangoni. Alimshika mashavu, akamtazama, akambusu paji la uso. Alimkalisha mkekani na majirani wakajaa. Hakumwuliza habari za shahada. Alimwuliza lile moja tu.

"Safari yako ilikuwa siku ngapi, mwanangu?"

"Siku?" kaka akasema, akageuka awatazame na majirani, amejaa fahari. "Usiku mmoja tu, mama! Jana jioni niko London, asubuhi chai nimekunywa Nairobi. Siku hizi ulimwengu ni mdogo. Mtu wa London ni jirani yako!"

Watu wakasema mashallah. Nilimtazama mama usoni, ule uso niliokuwa nimepanga kaka auone. Kaka hakuuona. Alikuwa amekwisha kugeuka kufungua sanduku la zawadi. Mimi peke yangu ndiye niliyeuona.

"Nimesikia," mama akasema. Kisha akaniambia nimletee ndugu yangu maji ya kunawa, chakula kinapoa.